Mjadala: Istilahi za usanifu majengo tuzichote kwa mafundi, au tubaki na Kiingereza?

Mtoa hoja, mwalimu wa michoro ya majengo, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naleta mbele yenu swali ambalo limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa: je, mwanafunzi wa usanifu majengo na mazingira afundishwe na kutahiniwa kwa istilahi za Kiswahili, na kama jibu ni ndiyo, istilahi hizo tuzitoe wapi?

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye ujenzi wa nyumba ya kawaida, wakiwa na michoro waliyoichora kwa mikono yao. Fundi aliutazama mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, kisha akauliza mambo mawili tu: jamvi linaishia wapi, na lenta inapita juu ya dirisha la choo au inakatika hapo. Kijana aliyekuwa na alama za juu kuliko wenzake alinyamaza. Alikuwa ameyachora yote mawili kwa usahihi na kuyaandikia majina ya Kiingereza kwa mwandiko mzuri, lakini hakujua kwamba jamvi ni lile tabaka la zege linalomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa ndani ya msingi, wala kwamba lenta ni ule mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta juu ya milango na madirisha. Kitu kilikuwa mbele ya macho yao wote wawili, kila mmoja akikijua vizuri, na bado hawakuelewana.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na mwaka 2021 sheria zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Fani yetu imebaki nyuma kiasi kwamba hata jina la mwenye fani halijatulia. Wengi wetu vyuoni tunasema msanifu majengo, ilhali chombo kinachowasajili wataalamu hao kinaitwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kubuni na kusanifu si kitendo kimoja: anayebuni huleta wazo ambalo halikuwapo, na anayesanifu hulipanga wazo hilo kwa vipimo na ustadi hadi likajengeka. Mimi nashika msanifu, ingawa najua wapo wanaoona kwamba neno hilo linaipunguza kazi yetu.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya msamiati tunaoutafuta tayari ipo, na kinachokosekana ni sisi kuinama na kuuokota. Chukueni nyumba ya mawe ya Lamu. Mtu akitoka njiani hufika dakani, penye baraza pande mbili. Kisha huingia tekani, ambako ukuta humzuia asione mbele. Ndipo hutokea kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kutoka hapo hufuata misana, vyumba virefu na vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, hadi chumba kiitwacho ndani, chenye safu za zidaka, yaani vishubaka vidogo, ukutani. Upana wa vyumba hivyo haukuamuliwa kwa kupenda, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kuvuka zaidi ya takribani mita 2.5 hadi 3. Katika mpangilio huo mwanafunzi anajifunza faragha, mwanga, upitaji wa hewa na mipaka ya malighafi kwa pamoja, na kila hatua ina jina lake. Juu ya njia nyembamba kuna hata wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili na kuwapa kivuli wapita njia. Tunapomfundisha mwanafunzi kwamba daka ni kibaraza cha kuingilia tu, tunamnyang'anya nusu ya maana.

Napendekeza basi kwamba kabla ya kamati yoyote kutunga neno jipya, neno hilo litafutwe kwanza kwa mafundi, katika nyumba za kale na katika lugha ya watu wanaoishi na jua na pepo za mahali hapo.

Mchangiaji, msanifu majengo, Nairobi

Mwalimu, nimeisoma hoja yako kwa makini na ninaheshimu nia yake, lakini siikubali kama ilivyo.

Istilahi ya kitaalamu ina sharti moja ambalo lugha ya mtaani haina: neno moja, maana moja. Wewe mwenyewe umeieleza lenta kama mkanda unaozunguka kuta zote. Katika mafunzo yetu, boriti fupi inayobeba uzito juu ya uwazi wa mlango ni kitu kimoja, na mkanda unaoizunguka nyumba nzima ni kitu kingine, na nondo zake hukokotolewa kwa njia tofauti. Ikiwa neno moja linabeba vyote viwili, mkadiriaji atahesabu kipi? Kosa la namna hiyo katika mchoro hulipwa kwa fedha, na wakati mwingine kwa maisha ya watu.

Pili, mafundi wa wapi? Huku kwetu tunasema simiti, ninyi mnasema saruji. Jiwe la kuchongwa ambalo kila fundi wa Nairobi analijua halina maana yoyote kwa fundi wa Mwanza aliyezoea tofali la kuchoma. Na hilo neno kiwanda, lililo tamu sana kwa mtu wa Lamu, mwanafunzi wa Nakuru akilikuta kwenye mtihani ataleta mchoro wa jengo lenye mashine na bomba la moshi, na hatuwezi kumlaumu.

Tatu, mikataba, viwango vya vifaa na programu za kuchorea zote ziko kwa Kiingereza, na kijana anayetoka chuoni leo anaweza kupata kazi Kigali kabla ya kuipata Mombasa. Sitaki tumjengee ukuta. Kiswahili kina nafasi katika kumweleza mteja na kumwelekeza fundi, lakini kukigeuza kuwa lugha ya hesabu za jengo ni mzigo ambao atautwishwa mwanafunzi, wakati sisi tunaojadili tayari tumeshafuzu kwa Kiingereza.

Mchangiaji, fundi mwashi, Tanga

Mheshimiwa wa Nairobi, mimi ni fundi, nimejenga kwa zaidi ya miaka 30, nimeanza na marehemu baba yangu nikimshikia timazi.

Umesema lenta ni neno moja kwa vitu viwili. Si kweli kwamba hatuvitofautishi. Tukisema lenta ya mlango, kila kibarua anajua ni kipande kinachoishia pembeni mwa mlango, na tukisema lenta ya kuzunguka, au kufunga lenta nyumba nzima, anajua kwamba maboksi ya mbao ya kumwagia zege yatapigwa kuta zote na nondo zitapishana kwenye kona. Neno la pili linafanya kazi ya kutofautisha, kama lugha inavyofanya siku zote. Tatizo ni kwamba wanaochora hawajawahi kutuuliza.

Nitasema jambo ambalo limeniumiza. Kuna wakati nilipewa mchoro wenye maelezo mengi ya Kiingereza kwa herufi ndogo, na msimamizi hakuwapo. Nilimpigia simu mtoto wa dada yangu anisomee. Alisoma maneno, lakini hakujua ujenzi, kwa hiyo alichonitafsiria hakikuwa kilichoandikwa. Tulimwaga jamvi bila kuweka ile karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu. Mvua za masika zilipokuja, unyevu ulipanda na lipu ikaanza kuchanua chini ya ukuta. Lawama ilinifikia mimi, na mpaka leo nyumba hiyo naikwepa nikipita. Mchoro ungesema kwa Kiswahili "tandika plastiki chini ya jamvi, ipande ukutani", maneno saba, nisingekosea.

Mchangiaji, mtumishi wa uhifadhi wa majengo, Unguja

Naunga mkono hoja, ila naomba tusiyapende maneno ya kale kwa ajili ya uzuri wake peke yake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Tangu hapo wageni na wenyeji wanayataja maneno ya nyumba za mawe kwa fahari, lakini kazi zilizoyazaa zimepungua. Mfano ulio karibu nami ni sakafu. Kwa Kiarabu neno lililolizaa lina maana ya paa, na kwetu limekuwa la chini tunapokanyaga. Si kosa la kusikia. Katika nyumba ya ghorofa ya mawe, kile kilicho paa la chumba cha chini ndicho kinachokanyagwa na wa juu: boriti zilizopangwa, mawe ya matumbawe juu yake, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto lililopondwa kwa magongo siku kadhaa hadi likashikana. Wazee wetu walikuwa na kitenzi kwa kazi hiyo, kusakifu. Leo kijana akisema sakafu anafikiria vigae.

Hasara yake tunaiona kila siku kazini. Mtu anarithi nyumba ya mawe na chokaa, ukuta unatoka unyevu, anaita watu wanaopiga lipu ya saruji juu yake kwa sababu saruji ni ngumu na inakauka upesi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, yaani huruhusu unyevu ulioingia utoke kama mvuke. Saruji huuziba. Unyevu hubaki ndani, chumvi hujikusanya, lipu mpya hubanduka kwa mapande, na vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani huoza mahali ambapo hakuna anayeviona. Mwanafunzi anayejua kusakifu, kuzima chokaa na kuiacha ilale ndani ya maji kabla ya kuitumia, ameshajua sababu ya kutopiga saruji hapo. Akiyajua maneno tu bila kushika chokaa, hajajua kitu. Kwa hiyo istilahi hizi zifundishwe kiwanjani, na asiyeweza kuonyesha kwa mkono asipewe alama kwa kutaja.

Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili

Shikamoo Fundi, na shikamooni walimu wangu. Nina jambo moja tu. Sisi tunafikiri kwa Kiswahili tukiwa tunachora, kisha tunatafsiri wakati wa kuwasilisha kazi mbele ya jopo. Nikiulizwa kwa nini nimeweka madirisha upande ule, jibu lililo kichwani mwangu ni kwamba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia mwezi wa nne hivi, na kaskazi hugeuza upande kuanzia mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo chumba kinahitaji uwazi unaopokea zote mbili. Nikilisema hilo kwa Kiingereza changu, linabaki "upepo" tu, na jopo linadhani sikufikiri. Sitetei uvivu. Naomba tu tupewe ruhusa ya kueleza wazo kwa lugha tuliyolifikiria.

Mtoa hoja, anajibu

Marahaba, mwanangu. Umeieleza hoja yangu vizuri kuliko nilivyoieleza mimi.

Mwenzangu wa Nairobi, nakubaliana nawe katika mawili. Kwanza, mwanafunzi asinyimwe Kiingereza. Sikukusudia hilo, na kama maneno yangu yalisikika hivyo nayarekebisha. Pili, yapo maeneo ambako hatuna neno linalofaa. Nafasi ni mfano mbaya kuliko yote: tunalitumia kwa eneo tupu lililozungukwa na kuta, kwa fursa ya kazi na kwa muda wa kupumzika, na mwanafunzi anayeandika "nafasi ya jengo" hajasema lolote. Muundo nao tunaubebesha umbo la jengo pamoja na mifupa inayolishikilia. Hapo kamati ina kazi, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ambalo limekuwapo kwa sheria tangu mwaka 1967, ndilo mahali pa kuipeleka, likae na wasanifu, wahandisi na mafundi katika chumba kimoja.

Ninapokataa ni kwamba tofauti za simiti na saruji zitushinde. Mhandisi wa Kiingereza naye ana majina mawili au matatu kwa kifaa kimoja kutegemea nchi aliyosomea, na hakuacha kuandika kwa lugha yake. Sisi tuandike saruji katika istilahi sanifu na kuonyesha simiti kando yake, kama kamusi zetu zinavyofanya siku zote. Kwa kiwanda cha Lamu, nakubali kwamba neno hilo limeshachukuliwa na viwanda, nasi tuseme ua wa ndani katika michoro ya kawaida, huku kiwanda likifundishwa katika somo la nyumba za pwani.

Neno la ndugu yangu wa Unguja limenigusa zaidi ya yote, na limebadilisha pendekezo langu. Nilianza nikifikiria orodha ya maneno. Sasa naona kwamba orodha peke yake itakuwa kitabu kingine cha kukariri.

Kuanzia muhula ujao, katika darasa langu, kila mchoro wa ujenzi utakuwa na maelezo ya Kiswahili kando ya yale ya Kiingereza, na kabla ya kusahihishwa utasomwa kwa sauti mbele ya fundi ambaye hakushiriki kuuchora. Maelezo ambayo fundi hawezi kuyajenga yataandikwa upya, na neno atakalolitoa yeye litaingizwa kwenye daftari pamoja na jina la mji alikolijifunzia. Fundi atalipwa kwa siku hiyo kama mwalimu. Nakuomba wewe wa Nairobi ufanye vivyo hivyo na mchoro mmoja tu kutoka ofisini kwako, mbele ya fundi unayemwamini, kisha uje hapa utueleze ni mistari mingapi iliyosalia kama ilivyokuwa.