Fundi kaizima ABS ya gari yangu (ule mfumo wa breki unaozuia tairi kuloki, yaani kuganda zisizunguke) na taa yake kaifunika, hajaniambia kitu!

Wakuu mnisamehe naandika na hasira ila hili siwezi kukaa nalo.

Mwezi wa 11 nilimpelekea fundi mmoja hapa Dodoma mjini gari, nikamwambia nikikanyaga breki kwa nguvu kwenye ile rafu rodi ya shamba pedali inatetemeka na inanguruma. Akakaa nayo nusu siku, "nimemaliza bosi", kweli mtetemo ukaisha nikamlipa.

Jumamosi natoka Kibaigwa na wife na mtoto, mvua ndo inaanza, mnaijua lami yetu mvua ya kwanza ikikutana na vumbi inateleza kama mlenda. Karibu na Buigiri mbuzi wakakatiza nikakanyaga breki, tairi zikaloki, nakata usukani gari haisikii kabisa, nyuma ikazunguka tukaishia porini tumeangalia tulikotoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Fundi mwingine kafungua: fyuzi ya ABS haipo, na nyuma ya dashibodi taa imebandikwa tepu nyeusi!! Yaani ule mtetemo haukuwa ugonjwa jamani, ndo ABS yenyewe ilikuwa kazini. Kila tairi ina senso inayosoma mzunguko, kompyuta ikiona tairi inataka kuloki inalegeza presha ya breki inairudisha inalegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, hiyo ndo unaisikia mguuni, na kazi yako ni kukandamiza tu usiachie ili usukani uendelee kukutii. Hii kitu Mercedes-Benz walianza kuifunga ikitoka Bosch mwaka 1978, leo hii fundi anaiona ni ubovu?

Nikamfuata. Ananijibu eti kwenye changarawe ABS inafanya gari ichelewe kusimama, kwa hiyo kanisaidia. Ni kweli kwenye changarawe inaweza kuchelewa, maana tairi iliyoloki inajirundikia kokoto mbele yake zinaizuia, ila ikishaloki hukati kona, unaenda moja kwa moja popote gari inapotaka. Na sijasema ABS ni muujiza, tairi kipara haiiokoi, na ukiwa 100 unahitaji umbali kama mara nne wa ukiwa 50 hata uwe na mfumo gani. Lakini huo ni uamuzi wangu mimi ninayeendesha, angeniambia ningepunguza mwendo!

Tena bora angetoa fyuzi akaiacha taa iwake, ningejua. Taa ya ABS ukiwasha swichi lazima iwake kidogo halafu izime, isipowaka kabisa asubuhi ujue kuna mtu kaiziba au imekufa. Mliopitia gereji kaangalieni leo leo, msisubiri mbuzi.

Sasa hivi anataka elfu thelathini arudishe fyuzi na kubandua tepu yake mwenyewe. ELFU THELATHINI wakuu!