Je, Mungu alitusahau kabla ya 1891?

Muulizaji, Tukuyu:
Shikamooni wazee, wapendwa wengine, Bwana asifiwe. Bibi yangu, akimenya ndizi jikoni, ameniuliza swali lililonishinda: ikiwa wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, je, kabla ya hapo Mungu alikuwa ametusahau sisi Wanyakyusa?

Mchungaji mstaafu, Iringa:
Marahaba, mwanangu. Hakusahau. Katika Mwanzo 12 Abrahamu aliitwa ili jamaa zote za dunia zibarikiwe kupitia kwake, ndiyo maana Ruthu Mmoabu, asiye Mwisraeli, akaingia katika ukoo wa Daudi, na nabii Yona akatumwa Ninawi, mji wa watu wasio Waisraeli, ingawa hakutaka kabisa kwenda. Israeli walichaguliwa ili watumike, si ili wapendelewe. Hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Mama wa kwaya, Mbeya:
Baba Mchungaji, naomba niongeze Matendo 17, ambapo Paulo anawaambia Waathene kwamba Mungu hayuko mbali na kila mmoja wetu. Mwambie bibi pia kwamba Ufunuo 7 unataja watu wa kila lugha mbele ya kiti cha enzi, Kinyakyusa kimo.

Muulizaji:
Asanteni sana. Nimemsomea. Ameweka kisu chini, akaniomba nirudie hapo penye lugha.