"Sound": neno moja lenye maana nne, au maneno manne?

Mfasiri Mchanga

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wote. Naomba msaada wa neno moja la Kiingereza, herufi tano tu: "sound".

Natafsiri kumbukumbu za safari ya merikebu ya matanga. Katika ukurasa mmoja merikebu inaingia kwenye "sound", nahodha anawaamuru watu wake "sound", kisha seremala anashuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kurudi na habari kwamba mbao ziko "sound". Usiku ule mwandishi hapati usingizi kwa "sound" ya mawimbi. Mara nne, ukurasa mmoja!

Mimi nililijua kwa maana ya sauti tu, kwa hiyo nahodha wangu aliwaamuru mabaharia wapige kelele. Mhariri alinirudishia karatasi na maneno mawili pembeni: "Kelele zipi?" Sikuwa na la kumjibu.

Wiki nzima natafuta shina moja la maana zote. Nimefika hapa: ubao mzima ukiugonga hulia vizuri, uliooza hutoa mlio mfu, basi kizima ni kile kinacholia. Na kina cha maji labda walikipima kwa kusikiliza mwangwi. Je, niko sawa?

Mwalimu Mstaafu

Marahabaa. Wazo lako la ubao nimelipenda, na ningefurahi lingekuwa kweli, lakini historia yake inakataa. Hayo ni maneno yaliyozaliwa mbalimbali, yakasuguliwa na vinywa vya watu karne kwa karne mpaka yakafanana sura.

Hata sisi tunayo. Kuna ua la bustanini, kuna ua wa nyumba, na kuna ua, kitenzi cha kutoa roho. Hakuna anayehangaika kuyatafutia shina moja, maana ngeli zinatufichulia mapema: hayo ni maua, hizo ni nyua. Kiingereza hakina ngeli za kumwonya msomaji, ndipo ulipopotelea.

Nianze na lile la mlio, kwa sababu kisa chake sichoki kukisimulia. Asili yake ni "sonus" la Kilatini, likapitia Kifaransa na kuingia Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Waingereza wakalitamka "soun". Hakuna "d"! Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, aliliandika hivyo hivyo, "soun". Hiyo "d" ilianza kujipenyeza katika karne ya 15, na kufikia karne ya 16 ilikuwa imeota mizizi.

Ilitoka wapi? Fanya jaribio hili hapo ulipo. Tamka "n" uishikilie, uangalie ulimi umekaa wapi: ncha imegusa juu, nyuma ya meno. Sasa tamka "d". Ulimi haujahama hata kidogo. Tofauti ni kwamba kwenye "n" pumzi inatokea puani. Njia ya pua ikijifunga punde kabla ulimi haujashuka, "d" inachomoka yenyewe bila kualikwa. Ndivyo ilivyotokea pia kwa "thunder", radi, ambayo katika Kiingereza cha kale ilikuwa "thunor". Wajerumani, ndugu zao, mpaka leo wanasema "Donner", hawana "d" hapo katikati. Kwa hiyo kama si ulegevu huo mdogo wa kinywa, neno la sauti lingebaki "soun" na wewe ungekuwa na matatizo matatu badala ya manne.

La mbao ni la Kijerumani kwa damu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "gesund", kizima, chenye afya, na Wajerumani bado wanalitumia hivyo hivyo. Mtu akipiga chafya humwambia "Gesundheit", yaani afya. Waingereza waliacha kile kiambishi cha mbele, likabaki "sund", kisha "sound". Halina undugu wowote na mlio. Ukikutana na "safe and sound" usianze kuchambua neno kwa neno, tunayo "salama salimini" iliyokamilika. Na kwenye wosia, "of sound mind" ni mwenye akili timamu.

La mahali limetoka kwa watu wa Skandinavia: "sund", kuogelea, na pia mlango wa bahari. Lina udugu na "swim". Liko wazi katika jina Øresund, mlango ulio kati ya Denmark na Sweden. Denmark ilitoza meli ushuru hapo tangu mwaka 1429 hadi 1857, na kwa Kiingereza ushuru huo unaitwa "Sound Dues". Niliwahi kusoma tafsiri iliyouita ushuru wa sauti, nikaumia moyo, kwa sababu mfasiri alikuwa hodari katika kurasa nyingine zote. Kutokana na shina hilo la kuogelea, hata bondo la samaki, ule mfuko wa hewa tumboni mwake, huitwa "sound". Hiyo ni maana ya tano, uiweke akiba.

La nahodha ni kupima kina cha maji. Kifaransa ni "sonder". Hapo namwachia anayeyajua maji.

Baharia wa Zamani

Mwalimu, umenifungulia mlango. Mimi nimekula chumvi ya bahari miaka mingi.

Kijana, hawakusikiliza mwangwi. Walitumia bildi, risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba. Mtu anasimama ubavuni mwa chombo, anaitupa mbele, chombo kinapoifikia kamba inakuwa wima, naye anasoma kina. Kamba ina alama za kushikika: vipande viwili vya ngozi kwenye pima mbili, vitatu kwenye pima tatu, kitambaa cheupe kwenye tano, chekundu kwenye saba. Vitambaa vilikuwa vya aina tofauti ili usiku, pasipo taa, mpimaji avitambue kwa vidole au hata kwa midomo.

Chini ya risasi kuna kishimo kinachojazwa shahamu. Bildi ikigusa chini, shahamu inanasa mchanga, matope au vipande vya kombe, na nahodha akiviangalia anajua yuko juu ya sakafu gani. Ikirudi safi, ni mwamba.

Nimesema pima kwa makusudi. Kipimo cha Waingereza ni "fathom", futi 6, na neno hilo asili yake ni mikono miwili iliyonyoshwa. Pima yetu ni hiyo hiyo, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Watu wa bahari mbili tofauti, wote wakavuta kamba kifuani wakihesabu kwa mikono.

Msomaji wa Usiku

Niongeze jambo lililowahi kuniponza. "Sounding rocket" si roketi ya sauti. Ni roketi inayopanda kupima hali ya anga la juu, inatoka kwenye bildi hiyo ya Baharia. Na "echo sounder" inachanganya zaidi, kwa sababu chombo chenyewe kinapima kina kwa kutumia mlio, lakini "sounder" humo maana yake ni kipimaji tu. Hilo "sounder" lingefaa hata kama kingepima kwa kamba.

Tena, "to sound someone out" ni kumpima mtu. Tunasema hivyo hivyo: "alikuwa ananipima tu".

Mfasiri Mchanga

Asanteni sana, kwa kweli. Nimeandika upya: "Tulipoingia kwenye mlango wa bahari, nahodha aliamuru watupe bildi. Seremala alishuka ngamani, akarudi na kusema mbao zote ni nzima. Usiku, mshindo wa mawimbi ulininyima usingizi." Niliandika "sauti ya mawimbi", nikaona mshindo una uzito zaidi.

Baharia wa Zamani

Mshindo, sawa kabisa. Ila badala ya "watupe bildi" andika "watie bildi". Ndivyo tulivyosema chomboni.

Mwalimu Mstaafu

Na kabla hujampelekea mhariri, fungua ramani uangalie mahali penyewe. Wazungumzaji wa Kiingereza hawakulitumia neno hilo kwa milango ya bahari peke yake. Puget Sound ya Marekani, iliyopewa jina na nahodha Mwingereza George Vancouver mwaka 1792 kwa heshima ya luteni wake Peter Puget, inaingia ndani ya nchi kavu na kuishia huko. Kama maji ya merikebu yako yana pa kutokea upande wa pili, acha mlango wa bahari. Kama hayana, andika ghuba.

Mfasiri Mchanga

Nimeangalia sasa hivi. Upande wa pili hakuna pa kutokea. Ni ghuba.