Naomba ushauri: kupausha rangi ya batani kwenye Java Swing (zana za Java za kutengeneza madirisha na batani)

Wakuu habari za saa hizi, niko Moshi natengeneza programu ya mauzo ya duka la pembejeo, ya kompyuta sio simu. Nataka ukipitisha mausi juu ya batani rangi ipauke kidogo, nimetumia brighter(), ile amri ya Java ya kuongeza mwanga wa rangi, ila kijani 0,102,0 (yaani nyekundu, kijani, bluu, kila moja 0 hadi 255) inakuwa 0,145,0, nikirudia inazidi kuwa kali tu inachoma macho, na bluu 0,0,255 ndo haibadiliki kabisa, maana brighter() inagawanya kila namba kwa 0.7, haivuki 255, na sifuri inabaki sifuri. Sasa nichanganye na nyeupe, yaani r + (255 - r) * 0.3 kwa kila namba (r ni namba yenyewe), au niende HSL (rangi kwa aina yake, ukolezo na mwanga) nipandishe mwanga? Skrini ya mteja yenyewe imefifia kweli. Na maandishi meupe juu yake si yatapotea?