Modeli yangu ya kompyuta ya joto la Ziwa Kivu inazidi satelaiti kwa digrii moja na zaidi, niguse upepo ao niache?

MutotoWaZiwa (Goma)
Bandugu habari zenu, niko naandika kazi yangu ya mwisho ya chuo juu ya joto la maji ya Kivu. Niliendesha modeli mwaka muzima, kisha nikalinganisha joto la juu ya maji na picha za MODIS, kile chombo cha kupima joto kilicho kwenye satelaiti. Modeli inazidi kwa digrii 1.2 kwa wastani, na mwezi wa nne njo mbaya kabisa, siku zingine tofauti inafika 3. Mwalimu anayenisimamia anasema niongeze upepo ndani ya modeli mpaka vifanane, nimejaribu, juu kunakuwa sawa lakini chini maji yanachanganyika mpaka mita 100, na ziwa letu halifanyi vile, roho inakataa. Niko pia na termometa sita kwenye kamba, kuanzia nusu mita mpaka mita 60, zilikaa ndani ya maji miezi mitano. Zimebaki wiki tatu nitoe kazi, mnisaidie, silali vizuri.

YayaNguba (Bukavu)
Mudogo wangu, acha upepo kwanza. Satelaiti inaona ngozi ya maji tu, nyembamba kupita unywele, na ile ngozi kwa kawaida inapoa kidogo kuliko maji ya nusu mita, sehemu ya kumi mbili ao tatu za digrii. Lakini digrii 3 si ngozi, ni mawingu. Mwezi wa nne ni mvua, wingu jepesi linapita bila chujio kulikamata, na kwa sababu wingu ni baridi, pikseli (kijumba kimoja cha picha) inaandika ziwa limepoa. Fungua picha ya siku moja mbaya uiangalie kwa macho yako, utaona zile pikseli za baridi zimekaa pembeni ya mashimo ya mawingu. Zikate pamoja na majirani zake. Na pikseli ni kilomita moja, kwa hiyo karibu na kisiwa cha Idjwi ao huku kwetu kwenye visiwa vidogovidogo inameza maji na udongo pamoja, toa pia zote za kando.

Mupima_Maji
Na saa je? Picha inaandikwa kwa UTC, saa ya dunia nzima, sisi tuko mbele masaa mawili. Kama unalinganisha picha ya asubuhi na wastani wa siku nzima wa modeli, hapo hakuna kulinganisha. Soma saa ndani ya kila faili, usitegemee ratiba ya zamani, Terra na Aqua, zile satelaiti mbili zinazobeba MODIS, zimeanza kusogea kwenye njia yake.

MamaPirogi (Goma)
Kijana, hiyo kamba ulifunga jiwe zito chini? Upepo ukivuta boya kamba inalala, ile termometa unaandika mita 60 kumbe iko 50. Ya kwetu wavuvi wa sambaza waliisogeza usiku na nyavu, tukajua kwa sababu ya kipimo cha presha tulichoweka mwisho wa kamba, kinaonyesha kina.

YayaNguba (Bukavu)
Mama amesema kweli. Naongeza hili mudogo: satelaiti haiwezi kukuambia kitu cha chini, na Kivu mambo yake yako chini. Kiangazi maji yanachanganyika mpaka karibu mita 60 hivi, chini ya hapo chumvi na gesi iliyoyeyuka vinayashika, ukizidi kushuka joto linapanda tena. Modeli isiyokuwa na chumvi itakudanganya hata kama juu inapendeza. Kamba njo jaji wako. Ukitaka kurekebisha kitu, tumia miezi miwili ya kamba, ile mitatu usiiguse kabisa mpaka mwisho.

MutotoWaZiwa (Goma)
Aksanti sana yaya, aksanti mama. Nimekesha siku mbili. Nimekata mawingu na kando, nimelinganisha saa kwa saa, tofauti imeshuka mpaka 0.4 na upepo sijaugusa. Chumvi niliweka namba moja juu mpaka chini, njo kosa langu, naendesha upya leo usiku kama umeme utabaki. Mama, presha sikuweka. Kesho alfajiri naenda Kituku kutafuta mwenye pirogi, nipime urefu wa ile kamba pale ilipo.