Impakti ya betri kwenye ujenzi wa nyumbani: wenye nazo, tupeane uzoefu

Mjengo wa Polepole (Kibaha)

Habari za leo wakuu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa hizi mashine ndogo za betri za kufungia skrubu, ambazo mafundi wengi wanaziita impakti. Nazungumzia zile fupi za kushika kwa mkono mmoja, ambazo mdomo wake unapokea biti (ile ncha ya kufungia) yenye shina la pembe sita la robo inchi. Najenga kidogo kidogo kwa mshahara, na tangu kuta zisimame mashine hii imegusa karibu kila kitu: papi zinazobeba bati, mabati, fremu, rafu za stoo, banda la mbwa. Watu wengi wananiuliza bei. Wachache wanauliza inatumikaje, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Kwanza, hii si drili. Drili inazungusha tu, na skrubu ikigoma ile nguvu inarudi kwenye kiwiko chako. Impakti ina kinyundo ndani. Ikikutana na ugumu, kinyundo kinarudi nyuma kwenye springi yake kisha kinapiga fuawe, kile kipande kinachozungusha biti, kwa kufuata mzunguko, mara elfu tatu na zaidi kwa dakika. Ule mlio wa kukereketa mnaousikia saiti ndio huo. Ndiyo maana mkono hausokotwi hata ukiwa juu ya ngazi. Ila haipigi kwenda mbele, hivyo asije mtu akainunua kwa kutoboa zege. Zege ni kazi ya drili ya nyundo.

Pili, nguvu yake ni kubwa kuliko umbo lake. Nyingi za volti 18 zinatoa nyutonimita 140 hadi 180 za nguvu ya kusokota, na skrubu nyembamba inakatika kichwa mbali kabla ya hapo. Ujuzi wote uko kwenye kidole: anza taratibu mpaka skrubu ishike, ongeza katikati, achia kabla kichwa hakijakaa. Ninayemkabidhi mashine namfanyisha mazoezi kwanza kwenye kipande cha mbao mbovu, hata kama anajiita fundi.

Karibuni. Semeni mmeitumia wapi na mmeona nini.

Papi na Kenchi (Mwanza)

Asante mkuu, mada ya maana sana hii. Mimi ni fundi paa, na nasema kwa moyo wote: huku kwetu kwenye upepo wa ziwa, bati la misumari na bati la skrubu ni vitu viwili tofauti. Msumari unashikiliwa na mbao peke yake, na kadiri bati linavyotanuka mchana na kusinyaa usiku, unapanda polepole. Skrubu ina uzi wake, ile mikunjo inayouma mbao, haipandi ovyo.

Lakini impakti mikononi mwa mtu mwenye haraka inaharibu paa lote kwa siku moja. Angalieni ile raba chini ya kichwa cha skrubu. Inatakiwa ibonyee kidogo, ionekane imejaa chini ya kofia yake ya chuma. Ukiiona imetoka nje pembeni kama imekamuliwa, imekufa hiyo. Jua litaipasua, na mvua ya msimu unaofuata itakuonyesha. Ikiwa bado inachezacheza, maji yanapita leo leo. Nimeitwa kuziba paa la nyumba mpya kabisa ambapo vijana walikuwa wameminya kila skrubu mpaka mgongo wa bati umebonyea. Pale hakuna dawa zaidi ya kutoa na kuweka skrubu nene zaidi yenye raba mpya.

Mambo mengine ya paa. Tumieni soketi ya namba 8 yenye sumaku, na muifute sumaku yake kila mara maana inakusanya unga wa chuma na kichwa kinaanza kuteleza. Fungeni kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde yanakopita maji. Skrubu za papi za chuma zina ncha ya kutoboa, za mbao zina ncha kali, msichanganye. Na jioni kabla ya kushuka, fagieni paa. Ule unga wa chuma ukilala na umande unashika kutu na kuacha madoa ya kahawia kwenye bati jipya, halafu mwenye nyumba anadhani bati ni feki.

Saiti ya Mbezi

Fundi, nina impakti tayari. Naweza kufungia jipsamu za dari hiyo hiyo?

Papi na Kenchi (Mwanza)

Inaweza, lakini haifai kwa mkono mpya. Kwenye jipsamu, kichwa cha skrubu kinatakiwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi. Karatasi ikichanika, skrubu imeshika unga mtupu. Tafuta drili ya betri yenye kola ya namba, ambayo ikifika kiwango ulichoweka inakatika yenyewe. Kama huna kabisa, ipo biti yenye kikombe inayozuia isizame zaidi. Na tafadhali usiipeleke kwenye skrubu za soketi za umeme wala za kisanduku cha swichi. Pale ni bisibisi ya mkono.

Seremala wa Usa River

Mimi nipo kwenye mninga na mkongo kila siku, naongeza ya upande wa mbao.

Mbao laini kama paini haikudai chochote, skrubu inaingia yenyewe. Mbao ngumu ina heshima yake: toboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4 mimi natoboa tundu la milimita 3 au pungufu kidogo, kisha napaka nta ya mshumaa kwenye uzi wa skrubu. Ukipuuza, moja kati ya mawili: mbao inapasuka pale karibu na mwisho, au skrubu inakatikia ndani na kazi ya kuitoa ni kubwa kuliko kutengeneza kiti chenyewe. Skrubu za shaba za bawaba ndizo dhaifu zaidi. Mimi naingiza kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ifungue njia, naitoa, kisha naweka ya shaba kwa mkono.

Sasa kuhusu biti, maana hapa watu wanailaumu mashine bure. Kuna nyota za aina mbili zinazofanana sana. Ya kwanza, PH2, ni msalaba mtupu. Ya pili, PZ2, ina vistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba, na skrubu nyingi za njano za chipubodi ni za hiyo. Ukiweka PH kwenye skrubu ya PZ itacheza, itateleza, itakula kichwa. Inameni muangalie kichwa cha skrubu kabla ya kuchagua biti. Na biti ziwe za impakti, zile zenye kiuno chembamba kinachonyumbuka. Za kawaida zinavunjika ncha na kuruka, na hapo ndipo miwani inapokuokoa jicho.

Masikio pia. Ukiwa ndani ya chumba kisicho na dari, ule mlio ukigonga kuta unaumiza kweli. Vijana wangu wote wanavaa viziba masikio, sitaki mjadala.

Pwani Nyali (Mombasa)

Ndugu zangu, shukrani kwa darsa. Sisi tulio karibu na bahari, chumvi ndiyo adui. Skrubu iliyopakwa zinki kidogo huku haidumu. Kichwa kinaanza kulia kutu, kisha fremu ya alumini pembeni inachafuka. Tunanunua stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, ghali lakini ndiyo inayokaa. Tahadhari yake: stenlesi ni laini kuliko skrubu nyeusi ngumu, na ukiipigia impakti kwa kasi kwenye nati hujikaba kwenye uzi, haiendi mbele wala hairudi. Mwendo wa pole, mafuta kidogo.

Mashine yenyewe nayo muifute kila jioni kwa kitambaa kikavu, hasa vile vibati pale betri inapochomekwa. Vikishika ukungu wa chumvi, mashine inazima ukiibana, nawe unadhani betri imekufa.

Nipo Muscat

Assalamu alaikum. Wengi mnatuagiza tuliopo nje, kwa hiyo nisaidie upande wa kununua.

Volti zilizoandikwa ubavuni zisiwatishe. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizofuatana, kila moja volti 3.6; ikijaa kabisa inafika kama 21. Kwa hiyo 18, 20 na 21 mara nyingi ni kitu kilekile kwa majina tofauti. Ukiona mashine ndogo ya bei ya kutupa imeandikwa 48 au 88, ijaze chaji, uipime kwa mita pale dukani. Ikisoma 20 na kitu, umeshajua ni seli tano zilezile.

Angalieni na chaja. Mashine za hapa Oman zinakuja na plagi ya pini tatu za bapa, inaingia Dar na Mombasa moja kwa moja. Zinazotoka Marekani mara nyingi zina chaja ya volti 120 tu. Ukiichomeka kwenye 230 ya nyumbani inakufa hapo hapo. Betri na mashine hazina tatizo, nunua chaja ya 230 ya chapa hiyo hiyo.

Kwenye ndege, betri za akiba zinakwenda mkononi, haziruhusiwi kwenye begi linaloshushwa chini. Mpaka wati-saa 100 hakuna shida kwa kawaida. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri): 18 mara 5 ni 90, inapita.

Jua la Goma

Jambo ndugu. Huku nyumba nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, kwa hiyo skrubu ni chakula chetu. Umeme hauna uhakika, mimi nachaji kwa sola. Betri ya volti 18 na Ah 2 ni wati-saa 36, ni kidogo mno, paneli ya kawaida inaiweza. Shida ni chaja za haraka, zinavuta wati nyingi kwa mara moja na inveta ndogo inazima. Chukueni chaja ya polepole. Na betri ikitoka kazini ina joto, iacheni kivulini ipoe ndipo mchaji. Joto ndilo linaloua hizi lithiamu.

Mama Vifaranga (Dodoma)

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Mimi ni mama wa nyumbani, nimejenga banda la kuku la mbao na wavu kwa mikono yangu, kwa mashine ya kuazima ya kaka yangu. Niliambiwa mwanamke haiwezi. Kusema kweli nyundo ndiyo iliyokuwa inanichosha bega. Hii haihitaji bega, inahitaji macho na subira. Na nikitaka kuhamisha ukuta wa banda, narudisha mzunguko, nafungua skrubu, natumia tena mbao na skrubu zilezile. Kwa misumari ningepasua nusu ya mbao.

Sasa nataka ya kwangu, nami nina bajeti ndogo. Ninunue nini kwanza?

Mjengo wa Polepole (Kibaha)

Hongera sana mama, ukipata nafasi tuwekee picha ya banda.

Kwa bajeti ndogo nunua mashine moja yenye betri mbili za Ah 2, usinunue moja kubwa ya Ah 5. Moja ikiwa kazini nyingine ipo kwenye chaji, na mkono hauchoki kwa uzito. Chagua chapa ambayo betri zake zinauzwa peke yake dukani kwenu Dodoma. Kabla hujalipa, muombe muuzaji akuonyeshe betri ya akiba kwa macho. Asipokuwa nayo, achana naye. Kisha biti nzuri za PH2 na PZ2, soketi ya 8 yenye sumaku, na vijiti vya kutobolea mbao vyenye shina la pembe sita, maana vile vya duara havikai kwenye mdomo wa impakti. Miwani usisahau. Drili ya zege azima kwa kaka, utaihitaji kwa nadra.