Madaktari watatu, majibu matatu. Kansa ya koo ya mzee, tufuate nani?

MwanaKaimosi
Wadau habari za jioni. Mimi nakaa Kisumu lakini nyumbani ni Kaimosi, Vihiga. Mzee wangu ana miaka 70. Tangu mwezi wa pili amekuwa akilalamika chakula kinakwama kifuani, mwanzo ilikuwa ugali na nyama, tukamwambia atafune vizuri (hiyo najilaumu mpaka leo), ikafika wali, saa hii ni uji tu na hata huo anakunywa akipumzika katikati kama mtu anapanda kilima. Wakapitisha kamera wakatoa kinyama wakapeleka maabara, majibu yakarudi kansa ya koo, yaani ile njia ya chakula kwenda tumboni, aina ile wanaita skwama. CT skani inasema haijafika kwa ini wala mapafu ila kuna tezi mbili tatu zimevimba karibu na hapo.

Sasa shida ni hii. Daktari wa upasuaji amesema inatoka, apangiwe tarehe. Yule wa kansa akasema hapana, kwanza kemo pamoja na mionzi wiki tano Eldoret ndio tuongee mambo ya kisu. Wa tatu tulimwendea tu kutafuta maoni mengine, huyo hata skani aliiangalia kidogo, alimwangalia mzee zaidi, akasema na hali hii mwekeeni stenti, kile kibomba cha chuma cha kushikilia koo wazi, ameze chakula, arudi nyumbani akae na watu wake. Wote ni mabingwa, si watu wa kubahatisha. Grupu letu la familia limegawanyika na kuna mjomba ameanza kutuma voisi za dakika saba saba. Kwani hawa hawakusoma vitabu vya aina moja??

Jamaa_wa_Kondele
Mwenye kisu ndiye hula nyama bro. Kila mtu hapo anauza kile ako nacho. Hesabuni pesa kwanza.

SistaWodini
Jamaa wa Kondele hapo unawaonea. Mimi ni nesi Nakuru, wodi ya kansa, na kuna kikao huwa tunakaa asubuhi, wa upasuaji, wa kemo, wa mionzi, wa picha na yule wa maabara wote meza moja, wanapitia faili moja baada ya nyingine. Usidhani huwa wanakubaliana haraka. Nimeona wakibishana nusu saa juu ya mtu mmoja mpaka chai ikapoa. Na mara nyingi hawabishanii ugonjwa, wanabishania mgonjwa.

Ngoja nikuonyeshe. Kuna utafiti wa Uholanzi unaitwa CROSS, ulitoka 2012, ndio huyo daktari wako wa kansa anautegemea bila shaka. Watu walipewa kemo na mionzi mara 23 kabla ya operesheni, na nusu yao waliishi kupita miezi 49, wakati wale wa operesheni peke yake ilikuwa 24. Na wenye skwama kama mzee ndio ilifanya vizuri zaidi, karibu nusu yao ile sehemu ilipokatwa ikapimwa hakukuwa na kansa imebaki. Kwa hivyo si maneno ya hewa.

Lakini sasa sikia hapa. Ule utafiti haukuchukua mtu wa zaidi ya miaka 75, na haukuchukua mtu amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Mzee wako alikuwa kilo ngapi kabla, na sasa ni ngapi? Kama amekonda sana basi yule wa tatu hajakosea kumwangalia mzee kuliko skani, anajiuliza kama zile namba zinamhusu kweli. Tuko na daktari hapa yeye hata faili hafungui kwanza, anamwita mgonjwa kutoka kwa benchi na kuangalia vile anatembea mpaka mlangoni. Kama ameshikiliwa mikono miwili, mpango unabadilika kabla hajaketi.

Kwa hivyo usiulize nani anajua zaidi. Muulize kila mmoja, hii unayopendekeza unatarajia ifanye nini? Kuponya, kuongeza muda, ama kumwezesha kula? Utashangaa wametofautiana hapo.

Nyar_Ahero
Niongeze moja dada, kwa sababu sisi tulichomeka. Mama yetu alikuwa hivyo hivyo, kumeza kumekataa, tukakimbilia stenti mahali fulani kwa sababu kumwona akitema mate kwa kikopo usiku kucha huwezi vumilia. Na kweli siku ya pili alikunywa uji vizuri, wote tukalia. Baadaye tukaenda kwa wa upasuaji, akashika kichwa, akasema kama mngekuja kwangu kabla ya hiyo chuma ningemlisha kwa mpira mdogo unaoingia kwa utumbo nikaacha koo na tumbo zikiwa hazijaguswa, kwa sababu tumbo ndilo huvutwa juu kuwa koo jipya. Sisemi stenti ni mbaya, kwa mtu ambaye operesheni haiko tena kwa mpango inasaidia sana, watu hutoka mbali kwenda Tenwek kule Bomet kuwekewa. Nasema tu mlango mwingine mkifungua, ule mwingine unaweza kujifunga, na sisi hakuna mtu alituambia tukiwa bado kwa korido.

Halafu swali @MwanaKaimosi. Umeandika yote hayo na mzee mwenyewe hajaongea hata mara moja. Anasema aje?

MwanaKaimosi
@Nyar_Ahero umenipata vibaya. Nikajibu nini hapo, tulikuwa hatujamuuliza, tulikuwa tunamwambia ni vidonda vya tumbo. Nilienda nyumbani Jumamosi nikakaa naye nje tukiwa wawili, nikamwambia. Alikuwa anajua! Anasema hakuna vidonda vya tumbo vya kufanya mtu apelekwe skani na watu watatu.

Uzito alikuwa kilo 68, sasa ni 55. @SistaWodini nimepiga hesabu, hiyo ni karibu moja ya tano, nikaelewa yule daktari wa tatu alikuwa anaona nini.

Mzee hataki kufunguliwa kifua, hiyo ameikataa kabisa kwa sasa. Mionzi hana shida nayo, shida yake ni nani atakamua ng'ombe wiki tano. Na mpira wa kulishiwa aliuliza kitu kimoja tu, kama shati litaufunika akienda kanisani, yeye ni mzee wa Friends na hukaa mbele.

Nimerudi na hayo yote kwa daktari wa kansa. Amesema tuanze na mpira na lishe wiki mbili hivi, apimwe damu na figo tena, akiongeza nguvu kidogo waanze mionzi na kemo, asipoongeza tunarudi kwa ile stenti bila kelele. Operesheni itaongelewa huko mbele kama mzee mwenyewe atabadilisha nia. Nikampigia yule wa upasuaji nikiogopa atakasirika, akaniambia "mwambie huyo anipigie leo, tulikuwa darasa moja."

Ng'ombe atakamuliwa na mjomba wa zile voisi.